Mgao Umefika Kaunti. Je, Umefika Kijijini?

Katika mabaraza ya bajeti kuna swali ambalo halikosi kuulizwa, iwe mkutano uko Wote, Kibwezi, Mwingi au Mutomo. Afisa wa fedha humaliza kusoma tarakimu zake, mabilioni haya na mabilioni yale, kisha mzee mmoja husimama nyuma ya hema na kuuliza: kama pesa hizi zimekuwa zikija tangu 2013, mbona huku kwetu mama bado anaamka saa tisa usiku kumpeleka punda mtoni?

Swali hilo si la ukaidi. Ndilo swali ambalo ugatuzi uliundwa kulijibu. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema, katika Kifungu cha 174, kwamba mamlaka yanagatuliwa ili jamii zisimamie mambo yao zenyewe, huduma zifikiwe kwa urahisi kote nchini, na rasilimali zigawanywe kwa usawa. Kitui na Makueni ni mahali pazuri pa kuipimia ahadi hiyo. Wakazi wake kwa sehemu kubwa ni wa jamii moja, wanazungumza lugha moja, wanasumbuliwa na ukame mmoja na kuongozwa na sheria moja. Mgao wao pia hutoka katika hazina moja. Hata hivyo, tangu uchaguzi wa Machi 2013 kaunti hizi mbili hazijapita njia moja, wala wadi za ndani yake hazijapata mambo sawasawa.

Jinsi eneo linavyosahaulika

Husemwa mara nyingi kwamba Ukambani ni kukavu, na kwa hiyo ni maskini. Hiyo ni nusu ya habari. Ukame ni wa Mungu, lakini kukosa barabara, hospitali na mabomba ni uamuzi wa watu.

Wazee wanaikumbuka njaa ya 1961, Yua ya Atta, iliyopewa jina la unga wa msaada ulioletwa mwaka huo. Miaka minne baadaye, nchi ikiwa huru, serikali ilichapisha Waraka Nambari 10 wa 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Waraka huo ulishauri kwamba pesa za maendeleo zipelekwe kwanza mahali zitakapozaa haraka, yaani penye ardhi yenye rutuba, mvua ya kutosha, barabara na umeme. Faida ingetumika baadaye kuinua maeneo makavu. Aliyekuwa nacho akaongezewa, na asiyekuwa nacho akaambiwa asubiri. Kitui ilisubiri. Makueni, iliyokuwa sehemu ya Machakos hadi ilipofanywa wilaya mwaka 1992, ilipitiwa na reli na barabara kuu ya Mombasa, lakini vyote viwili vilikuwa safarini kuelekea kwingine. Emali, Kibwezi na Mtito Andei zikawa mahali pa wasafiri kunywa chai, na Wote yenyewe ikabaki mbali na lami hiyo.

Wazo la maeneo kujiamulia mambo yake halikuanza 2010. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963 ikiwa na katiba ya majimbo, na Ukambani ukawekwa katika Jimbo la Mashariki. Siasa za hapa zilikuwa na mashaka yake: Paul Ngei alikuwa ametoka KANU mwaka 1962 na kuunda African People's Party, kisha Septemba 1963 akarudi KANU na chama chake chote. Mwishoni mwa 1964 KADU, chama kilichokuwa mtetezi mkuu wa majimbo, kilijivunja, na nchi ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba mwaka huo majimbo yakawa yamekwisha. Yalikuwa na mabunge na maofisa, lakini funguo za hazina zilibaki Nairobi. Funzo hilo ndilo lililowafanya walioandika Katiba ya 2010 wataje kiwango cha pesa ndani ya Katiba yenyewe.

Kati ya hapo palipita mipango kadhaa. Mwaka 1983 serikali ilianzisha mpango wa kupangia maendeleo wilayani, lakini mwenyekiti wa kamati alikuwa mkuu wa wilaya, ambaye aliteuliwa kutoka juu na hakuwajibika kwa mpigakura yeyote. Mwaka 2003 ukaja Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge, ulioacha madarasa na zahanati nyingi, baadhi zikiwa hazina mhudumu wala dawa kwa sababu mshahara wa muuguzi ulikuwa mikononi mwa wizara.

Wakati huo wote wananchi hawakukaa kungoja. Kupitia mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi, walichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko na kujenga mabwawa ya mchanga. Ukuta hujengwa kukatiza mto wa msimu, mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yakakaa ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Leo watu kutoka nchi nyingine huja Kitui na Makueni kujifunza kazi hiyo. Iliwezekana bila gavana na bila mwakilishi wadi. Kilichokosekana ni saruji ya kutosha, mhandisi na pampu.

Hesabu yenyewe

Kifungu cha 203 cha Katiba kinataka kaunti zote 47 zipate, kwa pamoja, si chini ya asilimia 15 ya mapato ya kitaifa, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Namna ya kugawanya fungu hilo hupendekezwa na Tume ya Ugavi wa Mapato na kupitishwa na Bunge, Seneti ikiwa na sauti kubwa.

Fomula ya kwanza ilitumia vigezo vitano: idadi ya watu asilimia 45, mgao sawa kwa kila kaunti 25, umaskini 20, ukubwa wa ardhi 8, na uangalifu wa fedha 2. Mwaka 2020, fomula ya tatu ilipofika Seneti, mabishano yalidumu kwa wiki nyingi na vikao vikaahirishwa tena na tena. Wenye watu wengi walitaka pesa zifuate watu. Kaunti kubwa na kavu zilisema kwamba kisima cha kuhudumia watu 300 walio mbalimbali hakigharimu chini ya kisima cha watu 3,000 waliosongamana. Mwafaka ulipatikana Septemba: watu asilimia 18, afya 17, kilimo 10, miji 5, umaskini 14, ardhi 8, barabara 8, na mgao sawa 20.

Fomula hiyo ilipoanza kutumika katika mwaka wa fedha wa 2021/22, kaunti zote ziligawana shilingi bilioni 370. Kitui ilipangiwa takriban bilioni 10.39 na Makueni bilioni 8.13. Kwa kuisikia hivyo mtu angedhani Kitui imependelewa. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Ukigawanya, kila mkazi wa Kitui alipata kama shilingi 9,150 kwa mwaka, na wa Makueni kama 8,230. Ni shilingi 25 kwa siku upande mmoja, na 22 na senti kadhaa upande wa pili. Kutoka katika shilingi hizo hutoka dawa, mshahara wa muuguzi na wa mwalimu wa chekechea, barabara za mashambani, maji, chanjo ya mifugo, vyuo vya ufundi, na mafuta ya ambulensi.

Sasa hesabu hiyohiyo ifanywe kwa ardhi badala ya watu. Kitui ina kilomita za mraba zipatazo 30,000. Makueni ina kama 8,000. Kwa kila kilomita ya mraba Makueni ilipata karibu shilingi milioni moja, na Kitui ilipata kama 340,000 tu. Gari la chanjo linalotoka Kitui mjini kwenda Tseikuru au Mutha hukanyaga njia ndefu, na dereva analipwa, na magurudumu yanaisha. Hapa ndipo neno usawa linapogawanyika: mgao ulio sawa kwa kichwa si lazima uwe sawa kwa umbali.

Kuna kisa kingine kinachostahili kujulikana zaidi. Kifungu cha 204 kiliunda Mfuko wa Usawazishaji, asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kwa miaka 20, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Sera ya kwanza ilitaja kaunti 14. Kitui haikuwamo, wala Makueni. Kipimo kilikuwa kaunti nzima, na kaunti nzima ikipimwa kama kitu kimoja, mji huficha kijiji: hospitali ya makao makuu na lami ya mjini huinua wastani wa hata wale wasiowahi kuviona. Sera ya pili ilishuka hadi kata ndogo, ikatambua maeneo 1,424 katika kaunti 34. Kwa hiyo hata Tume ilikubali kwamba eneo lililosahauliwa laweza kuwa ndani ya kaunti ambayo kwa jumla haionekani kusahauliwa.

Hilo likikubaliwa kuhusu Nairobi na kaunti, ni lazima likubaliwe pia kuhusu makao makuu ya kaunti na wadi zake.

Makueni: kutoka risasi hadi saini

Leo Makueni inatajwa kama mfano wa ushirikishaji wa umma, na wajumbe wa kaunti nyingine hufika Wote kujifunza. Ni rahisi kusahau kwamba kaunti hiyo nusura ivunjwe.

Katika miaka miwili ya kwanza, Gavana Kivutha Kibwana na bunge la kaunti walikosana juu ya bajeti hadi shughuli zikakwama. Septemba 2014 risasi zilifyatuliwa katika purukushani kwenye majengo ya bunge la kaunti, na watu kadhaa wakajeruhiwa. Wakazi walikusanya saini kuomba serikali yao isimamishwe, kama Kifungu cha 192 kinavyoruhusu. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga iliwasikiliza na mwaka 2015 ikapendekeza kaunti isimamishwe. Rais Uhuru Kenyatta alikataa, na viongozi wakaambiwa warudi kufanya kazi.

Ombi lile linafaa kufikiriwa. Watu walikuwa wamepewa walichonyimwa tangu 1964, na ndani ya miaka miwili maelfu yao waliomba kirudishwe. Hawakuwa wamechoshwa na ugatuzi. Walichoshwa na kuona pesa zimefika Wote, zikabishaniwa Wote, na kuishia Wote.

Jibu lilikuwa kupeleka uamuzi chini zaidi. Makueni ilijenga ngazi za mikutano zinazoanzia vijijini, ambavyo ni zaidi ya 3,000, kisha vikundi vya vijiji 377, kisha wadi ndogo 60, wadi 30, kaunti ndogo sita, hadi baraza la kaunti. Katika kila ngazi watu hupanga miradi kwa umuhimu na kuchagua wa kuwawakilisha ngazi inayofuata. La maana zaidi ni linalofuata baada ya bajeti kupitishwa. Kila mradi huwa na kamati iliyochaguliwa na wenyeji, na mwanakandarasi halipwi mpaka kamati hiyo itie saini kwamba kazi imefanywa inavyotakiwa. Wenye nyumba ndio watakaoishi na ukuta wenye ufa, kwa hiyo wao ndio huugonga kwanza kusikia kama una saruji.

Matunda yake yanaonekana. Tangu 2016 mpango wa MakueniCare uliwawezesha wakazi kutibiwa katika hospitali za kaunti kwa mchango wa shilingi 500 kwa familia kwa mwaka. Hospitali ya Mama na Mtoto yenye vitanda 200 ilifunguliwa Wote mwaka 2018. Kule Kalamba kilijengwa kiwanda cha kusindika maembe, kwa sababu mkulima alikuwa akimwachia dalali mti mzima kwa bei ya kutupa, ama maembe yaoze chini. Mwaka 2015 bunge la kaunti lilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, biashara ambayo ilikuwa imekausha mito na kugharimu maisha ya watu. Hakuna wizara Nairobi ambayo ingeliandika sheria ya mchanga wa mito ya Makueni. Nairobi ndiyo iliyokuwa ikiununua.

Lakini mfumo huu nao una upungufu, na ni vizuri usemwe. Mkutano wa kijiji humpendelea aliye karibu na mwenye nafasi. Mama aliyetoka kuteka maji saa tisa usiku hana saa tatu za kukaa chini ya mwembe akisikiliza hotuba. Kijana aliyeko Nairobi kutafuta kibarua hapigi kura ya mradi. Na vijiji vinapopigana kura, kilima cha Mbooni chenye watu wengi hushinda kwa urahisi tambarare ya Kibwezi yenye boma moja moja. Ndiyo maana mikutano peke yake haitoshi. Panahitajika pia ramani inayoonyesha ni nani aliyepata mwaka jana.

Kitui: tatizo la umbali

Kitui ina wadi 40 na imegawanywa katika vijiji 247 vya kiutawala, kila kimoja kikiwa na eneo kubwa la kuhudumia. Njia yake imekuwa ya miradi mikubwa iliyobuniwa na ofisi ya gavana wa wakati huo, zaidi ya ile ya mikutano ya ngazi nyingi.

Wakati wa Gavana Charity Ngilu, aliyehudumu kati ya vipindi viwili vya Julius Malombe, kaunti ilifungua kiwanda cha nguo cha KICOTEC huko Syongila, ambacho kiliwapa vijana kazi ya kushona sare ambazo awali zilinunuliwa nje, na ikagawa mbegu za ndengu kwa wakulima. Ndengu ni uamuzi wa busara wa mahali: huvumilia jua na hukomaa haraka. Serikali iliyo mbali ilizoea kumpa mkulima wa Kitui mahindi, na mahindi yakamwangusha.

Mwanzoni mwa 2018 kaunti ilipiga marufuku uchomaji na usafirishaji wa makaa na mchanga. Miti ilikuwa inaisha na malori yalitoka usiku. Hapo kaunti ilitumia mamlaka yake waziwazi, hata ikagombana na wasafirishaji wa kaunti nyingine. Lakini mchomaji makaa wa Ikutha au Ngomeni hachomi kwa kupenda. Mvua ikikosekana misimu miwili, gunia la makaa ndilo ada ya mtoto. Marufuku iliyotoka makao makuu ilimfikia siku hiyohiyo, ila riziki mbadala haikumfikia kwa kasi hiyo. Huo ndio mtihani wa kila serikali, ya karibu na ya mbali: amri husafiri haraka kuliko huduma.

Kitui pia ina utajiri ambao haina ruhusa ya kuuamulia. Makaa ya mawe ya bonde la Mui yalitafutiwa mwekezaji na serikali ya kitaifa, na kampuni ya Fenxi kutoka China ikapewa sehemu ya bonde mwaka 2013. Wakazi wa Mui wamekaa miaka mingi bila kujua kama wapande miti ya kudumu au wajiandae kuhama. Madini ni jukumu la kitaifa, na Sheria ya Madini ya 2016 hugawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii.

Yasiyo mikononi mwa kaunti

Jedwali la Nne la Katiba ndilo linalotenganisha kazi, na si kila mkazi amelisoma, kwa hiyo lawama nyingi hutumwa kwenye anwani isiyo yake. Zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, kilimo, masoko, maji ya wakazi na barabara za kaunti ni za gavana. Shule za msingi na sekondari, polisi na barabara kuu si zake. Barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui, ambayo imepunguza safari iliyokuwa ya kutwa nzima, ilijengwa na serikali ya kitaifa.

Bwawa la Thwake ndilo mfano mkubwa zaidi. Liko mahali Mto Thwake unapoingia Mto Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, na limesanifiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 688. Ni mradi wa serikali ya kitaifa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na ratiba yake imesogezwa mbele zaidi ya mara moja. Kazi ilipangwa kwa awamu: kwanza ukuta, kisha umeme, mabomba ya maji na unyunyiziaji. Maji hayo yamekusudiwa pia mji wa teknolojia wa Konza. Familia zilizotoa mashamba yao kwa ajili ya bwawa ziko upande wa ukuta, yaani awamu ya kwanza. Mabomba yako awamu nyingine. Kaunti zote mbili zina haki ya kuuliza ni lini, na ni nani atakayefunguliwa mfereji kwanza, lakini si wao wanaotia saini.

Kuna pia jambo la wakati. Mgao hupaswa kutumwa kila mwezi, na mara nyingi huchelewa. Mishahara hulipwa kwanza, kisha dawa, na mwanakandarasi wa bwawa dogo hungoja. Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa kufuatia maandamano, mgao wa kaunti zote ulishushwa kutoka bilioni 400 hadi 387.4 wakati bajeti zilikuwa zimekwisha kupangwa. Kaunti inayotegemea hazina ya kitaifa kwa sehemu kubwa ya pesa zake inajiamulia mambo, ndiyo, lakini kwa mkoba wa mwenzake.

Jirani zetu wa Uganda wameonyesha upande wa pili wa jambo hili. Walikuwa na wilaya 33 mwaka 1986. Leo ni zaidi ya 130. Kila eneo lililojiona limesahauliwa liliomba wilaya yake, likapata ofisi na bendera. Kodi ya kichwa iliyokuwa tegemeo la mapato ya wilaya ilifutwa, na wilaya nyingi zikabaki zikisubiri pesa kutoka Kampala. Kugawa mipaka ni rahisi. Kwa hiyo anayedai leo kwamba Mwingi ijitenge na Kitui ili ipate haki yake, aulizwe kwanza ni wakurugenzi wangapi wapya watalipwa kabla ya bomba moja kuchimbiwa.

Je, umaskini umepungua?

Utafiti wa Shirika la Takwimu la Kitaifa wa 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 47.5 ya wakazi wa Kitui waliishi chini ya mstari wa umaskini, na asilimia 34.8 ya wakazi wa Makueni, huku wastani wa nchi ukiwa 36.1. Wapo wanaozitumia tarakimu hizo kudai kwamba Makueni imefaulu kwa ugatuzi na Kitui imeshindwa. Hesabu hiyo ni ya haraka mno. Utafiti ulifanywa ugatuzi ukiwa na miaka mitatu tu, miwili kati yake Makueni ikiwa vitani na yenyewe. Makueni ina maembe na machungwa, iko karibu na Nairobi na ina barabara kuu. Kilicho hakika ni kwamba tarakimu hizo ni za kaunti nzima, na ndani ya kila moja wamo waliofichwa na wastani.

Katiba haikuwasahau hao. Kifungu cha 176 kinaitaka kila serikali ya kaunti igatue kazi zake zaidi, kwa kadiri itakavyowezekana kwa ufanisi. Kuzifikisha pesa Wote au Kitui mjini ni nusu ya safari kisheria. Kaunti inayogawa pesa za maendeleo sawa kwa kila wadi imefanya jambo la amani, lakini bado haijafanya haki, kwa sababu wadi iliyoanza na zahanati nne na ile iliyoanza bila hata moja zitabaki na pengo lilelile. Kaunti inayogawa kwa mahitaji nayo hushukiwa kupendelea, isipoweka vigezo vyake hadharani. Kati ya hatari hizo mbili, ya pili ndiyo inayotibika kwa karatasi iliyobandikwa ukutani.

Tarehe za kukumbuka

Bajeti ya kaunti haiamuliwi siku moja, na anayefika siku ya mwisho hukuta mambo mengi yamekwisha. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, karibu miezi kumi kabla ya pesa zenyewe, na mradi usiokuwamo ndani yake una kazi kubwa ya kuingia baadaye. Mapitio ya matumizi hutolewa kufikia tarehe 30 Septemba. Humo mkazi ataona kilichotumika kweli mwaka uliopita. Mkakati wa fedha, unaoweka viwango vya kila idara, huwasilishwa kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili na kupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti, kwa kipindi cha miaka kadhaa, iende kwenye maendeleo. Kanuni zake za 2015 zinaweka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato.

Hati hizi ni za umma na yeyote anaweza kuziomba, kuanzia ofisi ya msimamizi wa wadi au ya karani wa bunge la kaunti. Mzee wa swali la punda anaweza kuanzia kwenye orodha ya miradi ya maji ya wadi yake: mradi umetajwa kwa jina la kijiji au kwa jina la wadi tu, ulitengewa kiasi gani mwaka jana na ni kiasi gani kilitumika, na ni nani waliotia saini kwenye kamati yake. Ikiwa jina la kijiji halimo, tarehe ya kwanza ya kulipeleka ni kabla ya Septemba Mosi.